Uhandisi wa Mifumo Uanzie Wapi Kiwandani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mhandisi katika kiwanda cha kusindika maziwa hapa Nakuru. Mwaka jana tulinunua tangi la kupozea maziwa, na lilipofika tukagundua kwamba kompresa yake inahitaji umeme wa fezi tatu, ilhali kituo cha kukusanyia maziwa kina fezi moja tu. Tangi lilikaa wiki sita chini ya turubai. Nimependekeza tufuate taratibu za uhandisi wa mifumo, yaani kuandika na kupima mahitaji ya mtambo pamoja na mahali utakapofanyia kazi, lakini wenzangu wanasema wamefanya kazi miaka ishirini bila makaratasi hayo. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Nakuomba kwanza usiwahesabu wenzako kuwa wakaidi, kwa sababu fundi aliyehudumia mitambo miaka ishirini anayo kichwani mengi ya yale unayotaka yaandikwe, na ukimjia na fomu kabla ya kumsikiliza ataona kazi yake inadharauliwa.

Kiwango cha kimataifa cha uhandisi wa mifumo, ISO/IEC/IEEE 15288, ambacho toleo lake la kwanza ni la mwaka 2002, chenyewe kinaruhusu shirika kupunguza taratibu zake kulingana na ukubwa wa kazi. Usikilete chote kwa mkupuo. Chagua ununuzi mmoja ambao bado haujaagizwa.

Tangi lenu halikuwa bovu, wala kituo hakikuwa na kasoro. Hakuna aliyeulizwa kuhusu mahali viwili hivyo vinapokutana. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, cha shirika la anga la Marekani NASA, kilipotea mwaka 1999 kwa kosa la jinsi hiyo hiyo: programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazipokea kana kwamba ni nyutoni, kipimo kingine cha nguvu.

Kwa hiyo mchukue afisa wa ununuzi na fundi wa umeme, mwende kituoni kwenyewe asubuhi wakati maziwa yanapokelewa, mkae na mhudumu wa pale na kuandika katika ukurasa mmoja lita zinazoingia, umeme uliopo, kipenyo cha bomba la kutolea maziwa, na maji ya kuoshea tangi yanatoka wapi. Kando ya kila hitaji andikeni litapimwaje siku ya kupokea mtambo, na nani atakayelipima. Hapo ndipo wengi huzembea. Kwa mkurugenzi omba jambo moja tu, kwamba asitie sahihi agizo lisiloambatana na ukurasa huo. Nao autunze fundi wa umeme, si wewe, ili hata wewe ukihamishwa, ukurasa huo ubaki na mwenyewe.