Kama unatunga gemu ya mezani, sheria zako zipeleke zikabishaniwe

Jahazi limetoka Unguja linaenda Lamu, mwezi wa sita, upepo wa kusi umechachamaa na tumeshaingia mkondo wa Pemba. Mdogo wangu ndo nahodha. Anatupa dadu ya pande 20, anatakiwa apate 15 kwenda juu ili awahi kuteremsha tanga kabla foromali, ule mti unaobeba tanga, haijavunjika. Kapata 9. Namwambia hujaweza, jaribu tena. Kapata 4. Tena, 11. Tena, 13. Ya tano ikaja 17, mi nikashangilia, kuinua macho nikakuta mmoja anachati na mwingine kaenda jikoni kutafuta karanga. Dhoruba niliyoiandaa wiki 3 nzima imepita na hakuna hata mmoja aliyeogopa. Iliniuma sana ile.

Kwa asiyezijua, hizi ni gemu za kuigiza wahusika, mmoja anakuwa gemu masta anaisimulia dunia, wengine kila mtu na mhusika wake, na pale ambapo haijulikani litatokea nini dadu ndo zinaamua. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyotoka 1974 ndo iliyofungua njia. Mi natunga yangu, ya majahazi ya pwani yetu, na ninaipenda kweli, ndo maana nilipoiweka mtandaoni ile sheria ya dhoruba na jamaa mmoja akaniambia imekufa, nilibishana naye siku mbili mfululizo.

Hoja yangu ilikuwa uhalisia. Bahari ngumu bwana, muulize mvuvi yeyote, mtu hawezi kuteremsha tanga kirahisi kwenye kusi kama ile, kwa hiyo asilimia 30 ya kufanikiwa ni haki kabisa. Yule jamaa hakugusa hata uhalisia wangu, aliuliza kitu kimoja tu: baada ya nahodha kukosa mara ya kwanza, mezani kwenu nani alisema kitu gani? Nikaanza kuandika jibu refu nikalifuta, maana ukweli ni kwamba hakuna aliyesema kitu, mimi nilisema jaribu tena, basi. Halafu akanipigia hesabu, kukosa ni asilimia 70, ukizidisha 0.7 mara nne unapata kama 0.24, kwa hiyo karibu robo ya dhoruba zangu zote zingeanza na kukosa mara nne kimyakimya kama siku ile. Mi nilidhani siku ile tulikuwa na bahati mbaya, kumbe sheria ndivyo ilivyoandikwa.

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho mbunifu wa gemu Vincent Baker alikisema zamani, kwamba mfumo wa gemu ni ile njia watu waliokaa pamoja wanavyokubaliana kimetokea nini. Sasa ukiiangalia sheria yangu kwa jicho hilo, ilikuwa inatukubalisha kwamba hakuna kilichotokea. Mara nne.

Nikabadilisha. Nilichukua mtindo wa Apocalypse World, gemu ambayo Vincent aliitoa na Meguey Baker mwaka 2010, unatupa dadu mbili za kawaida unajumlisha. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka: 10 kwenda juu ni njia 6, umefanikiwa safi, 7 mpaka 9 ni njia 15, umefanikiwa ila kuna kitu unalipa, 6 kushuka ni njia 15, na hapo gemu masta lazima alete jambo. Nahodha hodari mwenye +1, yaani anaongeza 1 kwenye jumla, zile njia 15 mbaya zinashuka mpaka 10. Bahari bado ni ngumu vilevile nilivyotaka, ila sasa kila dadu ikitua kuna kitu kimesogea, kamba imekatika, mzigo umelowa, au mtu kaanguka majini na lazima uchague unamuokoa yeye au tanga.

Na hapa nataka niseme kitu kwa sisi tunaobishana Kiingereza halafu tunacheza Kiswahili. Nilipokaa kuiandika upya ile ya 6 kushuka nilianza na "umeshindwa", nikaona hapana, kushindwa ni kama mechi imeisha mwenzako kachukua kombe. "Umekosa" nayo ikawa kama umepiga shuti likaenda nje, mpira unaanza upya. Mwisho nikaandika "bahari inajibu". Maneno mawili tu ila yamebadilisha jinsi ninavyochezesha, maana kama bahari inajibu, siwezi tena kukaa kimya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetunga: ukienda kubishana, nenda na kilichotokea mezani. Nani alitupa, ikaja ngapi, watu wakafanya nini. Mtu akikuambia sheria yako mbovu na hajakuuliza hayo, muulize wewe, yeye mezani kwake ilikuwaje. Wengi hapo wanaishia, na usipoteze usiku wako kwao.

Pia jua mwenzako anacheza akitafuta nini. Watu walishalichambua hili kitambo, tangu 1997 wako waliogawa mafungu matatu, wanaotaka mchezo wenye ushindani, wanaotaka hadithi, na wanaotaka dunia iende kama ilivyo, baadaye mbunifu Ron Edwards na wenzake wa The Forge, jukwaa la mtandaoni la watunga gemu, wakaliendeleza mpaka jukwaa lilipofungwa 2012. Mafungu yenyewe watu waliyavaa kama jezi za Simba na Yanga na ugomvi haukuisha, mi siyashiki sana. Ila yalinisaidia kugundua kwamba mdogo wangu anataka hesabu na mimi nataka woga, na hakuna kati yetu aliyekosea.

Na usiogope kwenda polepole. Kabla ya intaneti watu walikuwa wanabishana haya haya kwenye Alarums and Excursions, jarida alilolianzisha Lee Gold huko Los Angeles mwaka 1975, kila mtu anaandika kurasa zake na kuwajibu wenzake, halafu unasubiri toleo lijalo. Mi sasa nimejiwekea hivyo, mtu akinipinga kwa hoja nzito simjibu mpaka nimeicheza sheria mara moja. Mara nyingi nikirudi nakuwa na swali badala ya jibu.

Sasa hivi ninao ubishi mwingine. Dada mmoja wa Mombasa ananiambia upepo usiwe mikononi mwa gemu masta, mezani iwekwe kalenda, kaskazi na kusi vijulikane tangu mwanzo wa safari ili wachezaji wapange wenyewe waondoke lini. Mi naona itaua mshtuko. Yeye anasema nahodha wa kweli hashtukizwi na msimu, anashtukizwa na siku. Hiyo kauli imenikaa kichwani tangu juzi, kalenda nimeshaichora kwenye karatasi ya manila, na jumamosi mdogo wangu anashika tena usukani.