Panya wamepigwa dozi kubwa, mbona wanakufa?

SWALI: Dokta habari, niko Mbale nasomea mambo ya maabara. Panya wetu tukishawapa bakteria tunawachoma penisilini dozi moja kubwa asubuhi, ila wengine wanakufa tu. Tuongeze dozi?

JIBU: Hapana bwana, gawanya hiyo dozi. Penisilini inataka ikae kwenye damu muda mrefu, wingi wake ukishapita kile kiwango cha kuzuia bakteria hata ukirundika zaidi hupati cha maana, halafu figo za panya zinaitoa haraka kuliko zetu, kwahiyo mchana dawa imeshakwisha na bakteria wanaanza kuzaana upya. Jentamaisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ndo tofauti, yenyewe inapenda dozi kubwa kwa mpigo.

Na mnaanza saa ngapi baada ya kuambukiza? Mei 1940 kule Oxford, Florey, mtafiti wa penisilini, aliwapa panya 8 bakteria wa streptokoka, wanne akaanza kuwatibu baada ya kama saa moja hivi, kesho yake wale wanne wasiotibiwa wote wamekufa. Ukichelewa bakteria wameshajaa mwilini, dozi ileile haifui dafu. Ila simbilisi msiwajaribie penisilini jamani, inawavuruga tumbo mpaka wanakufa.