Usimpandishe mama basi!

Wewe dada wa Mwanzange uliyeandika kuwa unataka kumrudisha mama yako Pangani na mtoto ana siku 20, eti kwa kuwa wifi kasema nyumba imejaa: mshushe, hata kama keshakaa kwenye siti.

Mimi wangu nilimpandisha basi la Lushoto siku ya 19. Na kikapu chake nikambebea mwenyewe. Shoga yangu mmoja alinijaza maneno: mama akikaa sana kwa mkwe anadharaulika, arobaini mambo ya kizamani, mwanamke wa leo hakandwi. Yeye alikaa kwao miezi mitatu, akala kuku mpaka shingo ikapotea!

Mume sheria ilimpa siku zake 3, ya nne yuko kazini. Nikabaki na feni. Tulielewana na feni, angalau nikiongea inatikisa kichwa. Mtoto akilala, mimi macho kodo nahesabu misumari ya bati. Wiki ya sita nikamlaza analia, nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo natazama nepi zinavyochuruzika kwenye kamba. Zikaacha kuchuruzika, zikakauka, sijainuka. Jirani ndiye aliyeingia kumbeba, mtoto sauti imeshamkauka.

Hapo nimeshakunywa makombe ya dua, na cherehani nimeuza kumlipa mganga aliyeona nina kiumbe cha baharini. Cherehani yangu ya miguu, jamani! Nikimkuta yule mzee sokoni huwa nabadilisha njia, nisije nikamrushia nazi.

Kliniki ya siku 42 nikaulizwa, "Mama hujambo?" Sijambo. Kesho yake nikarudi peke yangu, nesi mmoja mtu mzima akanikalisha. Akasema machozi ya siku za mwanzo kwa kawaida hayavuki wiki mbili. Yakivuka huenda ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika, na zipo dawa unazotumia huku unanyonyesha. Ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, hospitali siku hiyo hiyo. Halafu akaniuliza, "Usiku nani anakupokea mtoto?" Nikashindwa kujibu, nikalia.

Basi swali ni hilo tu. Kama huna jina la kutaja, mama haondoki. Wifi atakuja saa tisa usiku?

Wangu nilimpigia, akafika kesho yake. Hakuniuliza kitu. Akambeba mjukuu, akanifungia mlango, nikalala tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Nauli ya Pangani kama umeshalipa, iache iliwe.