Manowari Kuukuu: Fungueni Sakafu Kabla ya Kusaini Mkataba

Nikiitwa kukagua manowari ya zamani ili iamuliwe kama ikarabatiwe au iuzwe chuma chakavu, wenyeji hunipeleka kwanza kwenye daraja la nahodha wanionyeshe skrini mpya za rada zitakaa wapi. Mimi nataka ngamani, kwenye sakafu ya chini kabisa maji yanakokusanyika: chini ya mashine, chini ya vyoo, chini ya chumba cha betri. Huko ndiko chuma huliwa. Tunakwangua rangi, tunapaka ute kidogo, tunagusisha kipimo cha mawimbi ya sauti. Bati lililotoka kiwandani na unene wa milimita 8 linasoma 5. Hilo halichomelewi kiraka, linakatwa.

Ndiyo maana bei yoyote iliyoandikwa kabla ya sakafu kufunguliwa naiona ya kubahatisha. Lipieni uchunguzi peke yake kwanza, meli ikiwa chelezoni, kisha ndipo mtangaze zabuni. Wekeni na akiba ya robo ya bei. Mhasibu akinuna, anune.

Uzito nao husahaulika. Kila ukarabati huacha nyaya, viyoyozi, antena mlingotini na rangi juu ya rangi. Baada ya miaka 30 meli ni nzito juu kuliko michoro inavyosema. Fanyeni jaribio la kuinamisha, linaloonyesha kama meli bado ina uthabiti wa kutopinduka: maji yametulia, kamba zimelegezwa, uzito unaojulikana unahamishwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na mtu anasoma timazi imesogea kiasi gani. Likitoa majibu mabaya, kombora jipya lisahauni. Afrika Kusini ilizitoa makombora boti zake kadhaa za mashambulizi, ikazifanya za doria, na zikaendelea kufanya kazi.

Pampu na jenereta za dharura hazina mjadala. Desemba 2022 korveti (manowari ndogo) Sukhothai ya Thailand ilipigwa na dhoruba, maji yakaingia, umeme ukazimika, ikazama.

Kuna watakaonitajia MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kama ushahidi kwamba meli yoyote kuukuu hufufuka. Kweli, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 wakiwa wameipaka mitambo yake grisi, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Lakini Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Ingelala miaka kadhaa chini ya bahari ya Mombasa tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Mimi hukubali ukarabati mkubwa meli zikiwa pacha. KNS Nyayo na KNS Umoja, manowari za Kenya zilizojengwa Uingereza miaka ya 1980, zilipelekwa pamoja La Spezia, Italia, zikiwa na miaka zaidi ya 20. Michoro ile ile, vipuri vile vile, na fundi aliyejifunza moja anaijua na ya pili. Meli iliyo peke yake ya aina yake, ambayo kiwanda cha injini yake kimeshafungwa, siigusi.

Linaloniudhi kuliko yote ni kutoamua. NNS Aradu ya Nigeria, frigeti (manowari kubwa kuliko korveti) ya kwanza ya aina ya MEKO ya Kijerumani, iliingia kazini mwaka 1982, na kwa miaka mingi imekaa gatini huku ukarabati wake ukitangazwa tena na tena. Meli iliyofungwa gatini bado inakula: zamu ya walinzi, umeme wa nchi kavu, pampu za ngama. Na mafundi wake wanasahau kazi.

Mkiamua kuuza chuma chakavu, ng'oeni kwanza pampu, vali na kila kinachoingia kwenye pacha yake. Pimeni asbesto kabla ya mtu yeyote kuwasha gesi ya kukatia. Kwenye meli za kabla ya miaka ya 1980 huwa imefungwa kwenye mabomba ya moshi.