Korongo weupe hawaondoki alfajiri: usikubali kurudishwa kambini saa 3

Futa mpango huo wa kufika mbugani saa 12 asubuhi na kurudi kambini saa 3 kunywa chai. Umeandika kwamba mwezi wa Machi unakwenda Ndutu, upande wa kusini wa nyika za Serengeti, kuwatazama korongo weupe wanaokusanyika kwenye nyasi fupi kabla ya kurudi Ulaya, na kwamba dereva amekuhakikishia kuwa ndege wote wanaohama huruka alfajiri. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi. Nililipia gari, mafuta na ada ya hifadhi, nikakodolea macho mamia ya korongo waliosimama kwenye umande kama wazee wanaosubiri mkutano wa kijiji uanze, na ilipokaribia saa 3 mwongozaji wangu, ambaye nadhani tumbo lake ndilo lililokuwa likishika saa, akageuza gari na kutangaza kwamba leo hawaondoki. Wakati mimi nakula mayai, ambayo kwa hesabu yangu ndiyo mayai ghali kuliko yote yaliyowahi kukaangwa Tanzania, wageni wa gari jingine walikuwa wakilitazama kundi zima likipanda angani. Tuliporudi tulikuta manyoya na kinyesi. Kinyesi nilikipiga picha, na angalau picha hiyo haikutikisika.

Korongo mweupe ana uzito wa kilo 3 hivi, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 2. Mwili huo haukuumbwa kupiga mabawa kutoka Tanzania hadi Poland. Yeye hungoja ardhi ipate joto na hewa iliyo juu yake ianze kupanda, kisha huingia katika mkondo huo na kuzunguka bila kupiga mabawa mpaka afike juu sana, ndipo anapojiachia kuteleza kuelekea kaskazini hadi akute mkondo mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo hakatishi Bahari ya Mediterania, kwa kuwa juu ya maji hewa haipandi kwa nguvu hiyo, bali hupitia Sudani, Misri, Sinai na mlango wa bahari wa Bosphorus nchini Uturuki. Ndege aliye tayari kuizunguka bahari ili asichoshe mabawa yake, nani amemwambia dereva wako kwamba ataanza safari wakati nyasi bado zina baridi? Aliyenipeleka mimi alikuwa na beji kifuani na darubini shingoni, lakini elimu yake yote ilikuwa ya simba, na kwa kuwa simba hutafutwa alfajiri, akaamua kwamba viumbe wengine wote nao wanafuata ratiba hiyo.

Ukishalipata kundi, baki nalo mpaka saa 6 mchana. Chai iwe kwenye chupa, injini izimwe, na gari likae mbali, kwa sababu korongo wanaokurupushwa asubuhi hulazimika kupiga mabawa na kwenda kutua mahali pengine, nawe utabaki ukilikimbiza vumbi. Watazame tumbusi, ambao nao hutegemea hewa hiyo hiyo: wakianza kupanda na kuzunguka, usiondoe macho kwa korongo. Mawingu yakiwa mazito kundi linaweza kushinda pale pale likila panzi, na siku hiyo dereva wako atakuwa amesema kweli kwa bahati tu. Usidanganyike pia na korongo wa Abdim, mweusi mwenye tumbo jeupe na mdogo kuliko mwenzake, anayechangamana nao majanini; huyo haendi Ulaya, huishia ukanda wa Saheli kuzaliana wakati wa mvua.

Kuhusu darubini uliyouliza, yoyote itafaa, mradi saa 5 iwe bado inatazama mbugani. Mpigie dereva leo hii, umwambie kwamba chakula cha asubuhi kitaliwa garini, na akikataa, tafuta mwingine kabla hujatoa malipo ya awali.