Ndui iliishia Somalia, si India

Kwenye orodha yenu ya matukio makubwa, pamoja na vita, mmeandika kwamba ndui iliishia India 1980. Hapana, si India. India ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa ndui 1975. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kwao kuhimiza chanjo ya polio, hadi malaria ikamuua 2013. Huyo mtu anastahili kujulikana zaidi.

Huo 1980 mlioutaja ni mwaka ambao WHO (Shirika la Afya Duniani) ilitangaza rasmi kwamba ndui imetokomezwa. Tulisoma haya chuoni, afya ya jamii. Ila kuna tukio la Birmingham, Uingereza, 1978: mwanamke mmoja aliambukizwa akiwa kazini kwenye jengo lenye maabara ya ndui, akafariki. Hilo huhesabiwa kando, kwa kuwa si maambukizi ya njia ya kawaida.

Na kwangu kutokomezwa kwa ndui kunazidi vita vyote mlivyoorodhesha. Karne ya 20 pekee ndui inakadiriwa kuua watu milioni 300 hivi.