Mama, usiachie akaunti yako kwa sababu ya karatasi za banki

Wiki iliyopita shule moja ya Kampemba, hapa kwetu Lubumbashi, ililipa sare zote za mwaka, na pesa ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya biashara yangu. Hakuna aliyenihesabia noti ofisini mlango ukiwa umefungwa, hakuna aliyeniambia "rudi Ijumaa". Nilikaa na simu mkononi nikiusoma ule ujumbe wa banki tena na tena, na nasema wazi: nilijisikia fahari. Usiku uleule mama mmoja wa Katuba, msomaji wangu wa siku nyingi, akaniandikia: "Yaya, banakatala tena karatasi yangu. Banasema majina haifanane. Nimechoka, nitaachia tu, nirudie likelemba", ile michango ya kupeana kwa zamu.

Mama, usiachie. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua mko wengi, nanyi mnataka kile nilichokitaka mimi: biashara inayojulikana kwa jina lake, siyo pesa inayolala chini ya godoro.

Kwa miaka mingi pesa yangu ilitembea nami. Nikienda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ilikuwa kiunoni, nikirudi nyumbani naificha, kidogo naiweka kwenye simu. Vitenge vilinilisha, sare zikanisomeshea watoto. Kisha ile shule ikapata mhasibu mpya, akasema hatalipa tena mkononi, anataka namba ya akaunti yenye jina la biashara. Karatasi za biashara nilikuwa nazo zote: RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), kitambulisho cha taifa cha biashara, namba ya kodi. Jinsi nilivyozipata ni hadithi nyingine, naiacha. Nikavaa vizuri, nikashuka mjini.

Fomu ilikuwa ya kurasa kadhaa, Kifaransa kitupu, herufi ndogo kama mbegu za lengalenga. Kalamu ya banki ilikuwa imefungwa kwa kamba pale mezani na haina wino. Nikaazima kwa baba mmoja aliyekaa karibu, nikajaza taratibu, nikangoja namba yangu iitwe. Dirishani yule binti akachukua karatasi, akaangalia kadi yangu ya mpiga kura, akaangalia RCCM, akazungushia majina yangu duara kwa kalamu nyekundu, kisha akanirudishia zote chini ya kioo. Akasema kwa Kifaransa, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mlinzi mlangoni: "Mama, unajua kusoma?"

Nyuma yangu walisimama vijana wa umri wa watoto wangu. Mimi nina diploma ya Serikali. Niliipata kwa kusoma na taa ya petroli, na hakuna mtu aliyewahi kuninyoshea kidole kwamba sijui kusoma. Nilikusanya karatasi zangu bila kujibu. Hata leo nikipita barabara ile kitu kinanikaba kooni, na sioni kwa nini nifiche.

Sasa sikilizeni kosa lilikuwa nini, maana ndilo la huyu mama wa Katuba pia. Fomu zetu zinaomba majina matatu: nom (la ukoo), postnom (la pili la ukoo), prénom (la ubatizo). Mimi nilizaliwa Kongo yetu ikiitwa Zaire. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya kizungu, kwa hiyo cheti changu cha kuzaliwa kina majina mawili tu, yale ya ukoo. Miaka ya 90 watu wakarudisha majina ya ubatizo, na kwenye kadi ya mpiga kura nimeandikwa yote matatu. RCCM ilifuata cheti cha zamani. Kwa banki hao ni watu wawili. Ni Serikali yenyewe iliyotuandika hivi leo na vile kesho, lakini anayerudishwa dirishani ni wewe.

Ushauri wangu wa kwanza ndio mkubwa, nao ni huu: chagua kitambulisho kimoja, halafu karatasi nyingine zote zikifuate. Mimi nilichagua kadi ya mpiga kura kwa sababu ndiyo watu wote wanaomba hapa kwetu. Nikarudi kwenye ile ofisi ya Serikali ya kufungulia biashara, inayoitwa "dirisha moja", nikaomba RCCM irekebishwe iwe na majina matatu, kwa mpangilio uleule, herufi kwa herufi. Kama kadi inasema Ngoy yenye "y", usiandike Ngoi. Kama prénom ina mstari katikati, weka mstari. Kabla hujatia wino, weka kadi juu ya meza, nakili kutoka kwenye kadi. Usinakili kutoka kichwani. Mtu anaweza kujua jina lake tangu utotoni na bado akaliandika tofauti na kadi.

Na hiyo kadi yenyewe iangalieni leo, msingoje. Kadi nyingi zilizotolewa kwa uchaguzi wa 2023 zimeanza kufutika, picha inabaki kivuli na namba haisomeki. Ukifika dirishani na kadi ya namna hiyo hata fomu safi haitakusaidia. Kama yako bado inasomeka, ipige fotokopi nzuri sasa hivi. Kama imefutika, omba nakala mpya kabla ya kwenda banki.

Kinachofuata ni makao. Hapa banki zinanishangaza. Wanaomba avenue, namba, quartier (mtaa), komini (sehemu ya mji, kama Katuba), na mara nyingi karatasi ya umeme ya SNEL au ya maji ya REGIDESO yenye jina lako. Nani kati yetu wapangaji ana karatasi ya SNEL yenye jina lake? Kwenye parseli moja tunakaa familia nne, karatasi inakuja kwa jina la mwenye nyumba, na pengine jina lenyewe ni la baba yake aliyefariki. Usibishane nao. Nenda kwa mkuu wa quartier au komini, chukua hati ya makao, tena mwambie aandike majina yako kama yalivyo kwenye kadi. Simama pale anapoandika. Usiondoke hujasoma.

Halafu linakuja lile swali linaloudhi kila mtu: pesa inatoka wapi? Nimesikia mama wanasema, "Wananidhani mwizi." Hapana. Kongo ina sheria ya kupambana na pesa chafu tangu mwaka 2004, ikabadilishwa na nyingine Desemba 2022, na banki inalazimishwa kuuliza. Mwezi wa Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa pia kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa jambo hilo, na tangu hapo maswali yamekazwa zaidi. Hata lile la kama wewe ni raia wa Marekani lina asili yake: ni sheria ya Marekani ya 2010 inayotaka banki za dunia nzima ziwataje Wamarekani wenye akaunti. Andika "hapana", endelea mbele. Kwenye chanzo cha pesa andika kazi yako kwa maneno ya kawaida: biashara ya vitenge, biashara ya unga, ushonaji. Neno tupu "commerce" litaleta maswali mengine. Nami niliweka risiti za kununua kwa jumla pamoja na barua ya shule, na hapo hawakuuliza tena.

Kuna na bodero, ile karatasi ya kuweka pesa. Akaunti ikishafunguliwa ndiyo itakayokusumbua kila mara. Kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa Kifaransa, na ukikwaruza tu wanairudisha. Ukiweka 1 250 000 franka lazima uandike un million deux cent cinquante mille, na wengi wanakwama kwenye cent (mia) na mille (elfu) huku watu nyuma wanaguna. Mimi nina daftari dogo, ukurasa wa mwisho nimeandika hesabu zote kutoka cent mpaka million. Naandika bodero nikiwa nimekaa, nahesabu noti nyumbani, nazipanga kwa thamani yake, na dola yenye mpasuko naiacha nyumbani kabisa kwa sababu najua itarudishwa. Chukua bodero mbili, moja ya akiba. Na tena, jina kama lilivyo kwenye kadi.

Nimeona pia jambo baya: wanaume wanaokaa karibu na mlango wakijifanya wasaidizi, wanakujazia fomu kwa franka kidogo. Mtu huyo ameona jina lako, makao yako, namba yako ya simu na kiasi unachoweka. Mama zangu, msifanye hivyo hata siku moja. Kama Kifaransa kinakushinda, njoo na mtoto wako anayesoma sekondari, au muombe mfanyakazi wa banki mwenye beji, na akikataa muombe mkubwa wake. Ni haki yako. Pesa wanayofanyia kazi ni yako.

Na ninyi mnaofanya kazi dirishani, kama mnasoma, nawaambia bila hasira. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na inaamuru Serikali izikuze. Lubumbashi nzima inanunua, inauza, inasali na kugombana kwa Kiswahili. Nyumbani mnazungumza nini na mama zenu? Basi mtashindwaje kuweka ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili juu ya meza ile yenye kalamu? Mama aliyebeba mauzo ya mwezi mzima na kuja kuyaweka mikononi mwenu amewapa imani yake. Wazazi wake waliona noti zikifutwa Desemba 1979, waliona banki za miaka ya 90 zikishindwa kuwarudishia watu pesa zao, na bado amekuja. Mpeni heshima. Elezeni kosa liko wapi kwa sauti ya chini, mwonyesheni kwa kidole mahali pa kusahihisha. Hamtapungukiwa na kitu.

Nasi tusijifanye wanyonge. Niliporudi, yule binti alikuwa dirisha lilelile. Nikamsalimu kwa Kiswahili, nikaweka kadi, RCCM, hati ya makao na fomu, vyote majina sawasawa. Aliangalia, akageuza, akaangalia tena, kisha akapiga muhuri. Hakusema pole na mimi sikuingoja.

Mama wa Katuba, fanya hivi: kesho toa karatasi zako zote mezani, angalia ni ipi isiyofanana na kadi, anza na hiyo. Usiende mwisho wa mwezi, walimu na wafanyakazi wa Serikali wanakuja kuchukua mishahara na mulongo, ile foleni, unafika barabarani. Nenda katikati ya mwezi, asubuhi, na kalamu yako. Ukikwama, nitumie picha ya fomu tupu, siyo ya kadi yako, tutaipitia pamoja mstari kwa mstari.